Dawa Iliyoliwa na Kambi Nzima

Andika hivi, mjukuu wangu.

Baba yangu alizaliwa Ipole, katika ukoo wa watundika mizinga, watu waliohesabu utajiri kwa miti na si kwa ng'ombe. Mama yangu alizaliwa Isevya, mjini Tabora, binti wa fundi wa kudarizi kofia, na mpaka uzee wake hakuacha kutukumbusha kwamba kwao watu walinywa kahawa kwa vikombe wakati sisi wa msituni tulikuwa tukinywa maji kwa kata. Majina yao unayajua. Usiyaandike, kwa maana sitaki yatamkwe na mtu asiyejua kuwaombea.

Shule sikwenda hata siku moja. Hilo nalo liandike bila kulipamba. Baba alisema kwamba katika kila nyumba lazima awepo mtoto mmoja anayeujua msitu, akanitazama miguu, akaona ni mirefu, na jambo hilo likaishia hapo. Kwa hiyo mkono ni wako lakini maneno ni yangu, na ukiona nimesema jambo kwa urefu, liache na urefu wake. Nilifundishwa kusema na wazee ambao hawakulikata neno kabla halijafika lilikokuwa likienda.

Ninataka kueleza namna nilivyougua pumu, namna nilivyopewa dawa iliyokuwa ikijaribiwa, na namna dawa hiyo ilivyoshindwa kwa kosa lisilokuwa lake. Watu hucheka ninapoyasimulia haya. Siwakatazi, ilimradi wasikilize mpaka mwisho.

Pumu ilinianza miaka michache baada ya uhuru, ikanizidia mwaka ule tulipoziacha kaya zetu zilizotawanyika tukajenga kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Sijui kama lilikuwa vumbi la matofali au moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, ambayo sasa yalikuwa karibu na milango yetu. Ninachojua ni kwamba kifua kililia. Nikikaa kimya, watu walikisikia kutoka upande wa pili wa moto. Wenzangu wa kambini walisema nyuki wamehamia kifuani mwangu, wakawa wananiuliza kila jioni nitarina lini.

Lazima nikueleze kambi ni kitu gani, kwa sababu ninyi mnaijua asali ya chupa. Wanaume walikwenda msituni wakakaa huko majuma kadhaa, wakalala kwenye kibanda kimoja, wakapika chungu kimoja, chini ya mkubwa mmoja ambaye kwetu alikuwa baba yangu mdogo. Na kambi ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: hakuna kitu kinachoingia mdomoni mwa mtu mmoja peke yake. Ukiokota uyoga mmoja, ulikatwa. Ukija na kipande cha muwa, kiliwekwa juu ya ngozi katikati na mkubwa wa kambi akakigawa. Mtu aliyekula kwa kujificha hakupigwa wala hakutukanwa; hakuna tu aliyemshikia kamba alipopanda mtini. Hebu fikiri maana yake.

Katika msimu mdogo wa kurina wa mwaka ule nilipanda mninga mmoja mrefu, kienge cha kufukizia nyuki kikining'inia ubavuni kwa kamba, na nilipofika kwenye mzinga upepo ukageuka. Moshi wote ukaja kwangu na kifua kikafunga. Sikuweza kupumua, na kwa kuwa sikuweza kupumua, sikuweza kuomba msaada. Niliukumbatia ule mti kwa mikono na miguu, nimefumba macho, nikiyangoja yatakayokuja. Kule chini wenzangu waliuona utulivu wangu wakaustaajabia, na mmoja wao akawaambia vijana, "Mtazameni, huyo ndiye mpandaji, hana papara." Baba mdogo peke yake ndiye aliyeona kwamba midomo yangu imebadilika rangi. Walinishusha kwa kamba, lakini nyuki wakashuka pamoja nami, na nilipobakiza kimo cha mtu kuifikia ardhi, kambi nzima ikakimbia na kuniacha nikibembea. Nilipona kwa sababu nyuki walipendelea kuwafukuza wao.

Jioni ile baba mdogo hakucheka pamoja na wengine. Aliniita kando, akanipa maji, akaniambia maneno ambayo sijayasahau.

"Mwanangu, mti hauna huruma, nami sitaki kwenda kumweleza mama yako. Nakupa mpaka msimu mkubwa. Ukifika na kifua chako bado kinaimba, mizinga ya baba yako ataipanda mwingine, na wewe utalima tumbaku na wanawake."

Ilikuwa haki yake kusema hivyo. Mizinga haimfuati mtu kijijini. Asiyeweza kupanda humpisha anayeweza. Lakini mimi nilikuwa nimeachiwa miti ile kwa mkono wa baba, mmoja baada ya mwingine, na sikuwa tayari kuitazama kwa mbali nikiwa nimeinamia jembe. Basi nikapanda lori la tumbaku nikaenda mjini kutafuta pumzi.

Hospitalini nilimkuta daktari kijana, mtu wa kaskazini, mwenye miwani na sauti ndogo, anayeandika kila kitu mpaka namna mtu anavyokohoa. Alikuwa akikusanya wagonjwa wa pumu ili ajaribu vidonge vipya. Alinieleza kwa adabu kwamba dawa ile ile humfaa huyu na kumkataa yule, naye alitaka kujua ni kwa nini: je, ni umri, ni uzito, ni moshi wa jikoni, ni kitanda mtu anacholalia, au ni jambo jingine lililo ndani ya mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo aliuliza sana. Aliniuliza kama bibi yangu alikuwa na pumu. Aliniuliza godoro langu limejazwa nini. Nikamwambia sina godoro, akaandika hilo pia.

Kisha akaleta chombo cha duara chenye mshale, akaniambia nivute pumzi na kupuliza kwa nguvu zangu zote. Nikapuliza. Mshale ukatikisika kidogo ukarudi ulipokuwa. Daktari akanitazama kama mtu anayetazama maiti iliyokuja kwa miguu yake. Nikapuliza tena, mshale ukafanya vile vile.

Pembeni alikuwa amekaa dresa, yaani mfunga vidonda, mtu mnene mwenye kipara, aliyekuwa akikunja bandeji. Alisema bila kuinua kichwa, "Daktari, huyu anawasha moto. Mwambie azime."

Alikuwa amesema kweli. Maisha yangu yote nilikuwa nimepuliza vienge, na kienge hakipulizwi kwa nguvu. Unajaza mashavu na kutoa upepo mdogo mdogo ili cheche zisikurukie usoni. Nilipoambiwa nipulize kama mtu anayezima taa iliyo mbali, mshale ulikimbia mpaka daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Baadaye alituonyesha wote upya namna ya kupuliza, kwa sababu alitambua kwamba huenda alikuwa akipima mashavu na si vifua.

Yule dresa akaniuliza kabila langu. Nikamjibu kuwa mimi ni Mnyamwezi. Akaweka bandeji chini, akanyoosha mikono, akasema kwamba Mungu ni mwema, leo amepata wa kumbebea mfuko mpaka nyumbani. Nikajua papo hapo kwamba ni Mzaramo, nikamwambia kwamba mfuko wa Mzaramo siubebi, kwa maana ndani huwa hamna kitu isipokuwa ngoma. Tukashikana mikono tukacheka. Daktari alitutazama kwa hofu, akidhani tunagombana, kwa kuwa kwao watani wao ni wengine.

Wewe pia huenda hujui jambo hili linatoka wapi. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani, miezi mitatu kwa miguu, na mwisho wa njia walipita katika nchi ya Wazaramo. Huko walipigana nao, wakala nao, wakauguzana, wakazikana. Katika mambo hayo ndimo ulimozaliwa utani. Mtani hukutukana mbele za watu nawe huruhusiwi kununa. Mtani huchukua kuku wako nawe huruhusiwi kumdai. Na kwa kuwa huruhusiwi kununa, mtani anaweza kukuambia jambo ambalo hata ndugu yako wa tumbo moja hawezi.

Nilipewa kopo la vidonge vya siku kumi na nne, kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na kadi iliyochorwa jua na mwezi kwa ajili yetu tusiojua kusoma. Kila kidonge kikitoka koponi, nitie alama ya mkaa chini ya picha yake. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Siku nne za kwanza nilimeza nyumbani kama nilivyoagizwa, na siku ya tano niliamka kifua kimya, nikamwambia mke wangu asikilize, akaweka sikio, akasema, "Nyuki wamehama." Bibi yako huyo huyo, ambaye sasa anakataa kwamba alisema.

Lakini mvua zilikuwa zimekolea, na mvua zikikolea, gome la myombo hubanduka kwa urahisi, nasi huenda msituni kutengeneza mizinga mipya. Nikaenda na kopo langu mkobani.

Sikuwaza hata kidogo. Huo ndio ukweli, na ndiyo sababu ninaliita kosa na siliiti uovu. Jioni ya kwanza, watu walipotoa walivyokuja navyo wakaviweka juu ya ngozi, mkono wangu ulilitoa lile kopo na kuliweka pamoja na karanga na chumvi, kama ulivyozoea tangu utoto. Baba mdogo aliuliza ni nini. Nikasema ni dawa ya kifua, ya serikali. Mmoja wetu, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi na aliyependa kuhutubia hata mahali ambapo hapana mkutano, alikohoa akasema kwamba dawa ya serikali ni dawa ya wananchi, na mwananchi aliye karibu nayo ndiye wa kwanza. Wengine wakaunga mkono. Baba mdogo akachukua kisu cha kukatia masega, chenye asali bado, akavikata vidonge viwili vya siku ile vipande vinane, kwa maana tulikuwa wanane. Aliyekuwa na kifua alipewa. Aliyekuwa na mgongo alipewa. Aliyekuwa hana ugonjwa wowote alipewa cha akiba.

Yule balozi alikuwa mzima kabisa, na kidonge humsumbua mtu mzima kuliko mgonjwa. Siku mbili za kwanza alikula kipande chake na cha mwenzake aliyechukizwa na uchungu wake, na kuanzia hapo usingizi ulimkimbia, moyo ukamdunda, akawa anatuhutubia kuhusu kilimo cha kisasa hadi alfajiri. Siku ya tatu tulimnyima kwa kura. Mimi nilipata sehemu yangu, moja katika nane, kisha nikalala palepale nilipolala siku zote, kati ya moto na ukuta, moshi ukipita juu ya uso wangu. Na kila jioni nilitia alama za mkaa kwenye kadi, mbili, bila kuruka, kwa sababu vidonge viwili vilikuwa vimetoka koponi kweli.

Niliporudi hospitalini, daktari aliitazama kadi akaisifu. Akaniuliza kama vidonge vimekwisha. Nikajibu, "Vimekwisha, daktari." Hapo sikuwa nimesema uongo. Nikapuliza, mshale ulikuwa chini kuliko mwanzo. Fundi mmoja wa kushona nguo wa Isevya, jirani wa wajomba zangu, aliyeanza dawa siku moja nami, alipuliza baada yangu na mshale ukapanda vizuri. Daktari akanipa kopo la pili. Hilo nalo likaliwa na kambi.

Mara iliyofuata aliniuliza swali jingine. "Ndugu, umevimeza wewe mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

Liandike hilo. Nilidanganya, tena nilimtazama machoni. Kufikia siku ile nilikuwa nimekwisha kuelewa, kwa kumtazama yule fundi akipanda ngazi huku akipiga mluzi, kwamba dawa inafanya kazi kwa anayeimeza. Lakini ningesema nini? Kumwambia daktari kwamba dawa yake imekatwa kwa kisu cha asali na kupewa balozi ni kama kumwambia mwenye nyumba kwamba chakula chake umewatupia kuku. Na kuyatoa nje ya kambi mambo ya kambi lilikuwa jambo ambalo baba yangu hakuwahi kulifanya. Kati ya aibu hizo mbili nilichagua uongo, ambao ulionekana mdogo.

Daktari wa watu alihangaika. Alinipima uzito upya. Alitafuta minyoo, akaipata, akaitibu, na bado mshale haukupanda. Aliniuliza habari za moshi, nikamweleza kwa ukamilifu, kwa kuwa hilo halikuwa na aibu, naye akaandika ukurasa mzima. Mwisho, katika safari yangu ya nne, aliniketisha akaniambia kwa upole kwamba ameamua. Ataandika kwamba vidonge haviwafai watu wanaoishi katika moshi wa msituni, na kwa hiyo mimi na wagonjwa wengine wawili wa msituni, wa upande wetu wa Sikonge, tutaondolewa katika orodha yake, asije akatupa dawa bure. Msimu mkubwa ulikuwa umebakiza majuma sita.

Mjukuu wangu, nilikaa pale kama mtu aliyeshushwa kwa kamba nusu. Kama angeniondoa, mizinga ilikuwa imekwenda. Tena jina baya lingewashika watu wa msituni wote, kwamba miili yao inakataa dawa, kwa ajili ya mdomo wangu uliofungwa. Nikainuka kuchukua mkoba wangu.

Dresa alikuwa amelishika lile kopo tupu ili alirudishe kabatini. Akalinusa. Akaingiza kidole, akatoa chembe nyeupe iliyoganda, akailamba.

"Asali," alisema. Kisha akaniangalia. "Mtani, hivi ninyi Wanyamwezi si ndio mliobeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka baharini? Leo kidonge kimoja kimekushinda kukibeba kutoka koponi mpaka mdomoni? Kimeangukia wapi njiani?"

Daktari akamwambia anyamaze, amheshimu mgonjwa. Dresa hakunyamaza. Aliniambia kwamba kama nimekula peke yangu na bado ninalia kifuani, basi mimi ni mzigo usiofaa hata kubebwa, na kama nimewalisha wengine, basi ni mjinga wa kawaida, ambaye yeye anamfahamu na amemzoea.

Nilipaswa kumjibu, mtani asipojibiwa huhesabu ameshinda. Na jibu lililokuja ndilo lililokuwa kweli. Nikasema, "Nimevila na wenzangu saba, kwa kisu, sawasawa. Wewe Mzaramo ungejificha nyuma ya mnazi ukavila peke yako."

Jinsi lilivyotoka, nilishangaa. Halikuwa limeniuma hata kidogo. Dresa alicheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, na katikati ya kicheko chetu daktari aliuliza polepole, "Wenzako saba?" Ndipo nikamweleza yote: ngozi, kisu, balozi na hotuba zake, na lile "ndiyo" nililomwambia. Nilingoja anifukuze. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema kwamba amekaa majuma akitafuta sababu katika damu yangu, kumbe ilikuwa katika adabu zangu. Kisha akachukua karatasi mpya.

Siku hiyo na zilizofuata alimfanya dresa kuwa muulizaji wake, na yaliyotoka yalikuwa mengi. Yule fundi wa kushona alikiri kwamba humeza vidonge vyote viwili asubuhi pamoja na kahawa, ili asivisahau. Mama mmoja wa mjini, mwenye kujistahi, alikuwa akipuliza taratibu kila mara kwa sababu hakulelewa kumpulizia mwanamume usoni. Daktari alipogeuka akatazama ukuta, mshale ulipanda mara mbili ya siku zote. Mzee mmoja alikuwa akitunza vidonge vyake vyote katika kitambaa kwa siku atakayougua sana. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa mtu mbaya. Kila mmoja alikuwa amefanya alilofundishwa na wazazi wake.

Lakini tatizo langu lilibaki pale pale. Ningemezaje peke yangu katika kambi ambayo mtu hali peke yake? Daktari alitaka kuandika barua. Nikamuuliza nani ataisoma, na kama ikisomwa, barua itashindanaje na kisu cha baba mdogo. Dresa alisema, "Niachie mimi. Nina haki zangu huko."

Alikuja Jumapili kwa lori la tumbaku, amevaa koti la kazini ingawa hakuwa kazini. Hakubisha hodi. Aliingia kwa baba mdogo, akamsalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akakaa kwenye kigoda cha mwenye nyumba, akachukua kibuyu cha asali kilichokuwa karibu akakiweka chini ya koti. Baba mdogo alielewa mara moja mgeni wake ni nani. Aliuliza kama pwani kumeisha chakula. Waliendelea hivyo mpaka kijiji kizima kikajaa uani, na mimi nikiwa nimesimama pembeni na kopo jipya mkononi.

Hapo dresa akaninyang'anya kopo, akaliinua juu.

"Hili ni langu," alisema. "Nalichukua mbele yenu wote, kama mtani. Huyu mpagazi nimempa alibebe na ayameze yaliyomo, kwa sababu mizigo ni kazi yenu. Mwingine yeyote atakayegusa kidonge changu atanilipa mzinga mzima, na asali yake, na nyuki wake."

Balozi alitaka kusema jambo kuhusu mali ya umma. Watu wakamzomea akakaa. Baba mdogo alifikiri, na niliona uso wake ukilegea, kwa maana sheria ya kambi ilikuwa imebaki nzima: haikuhusu kitu kilichochukuliwa na mtani. Akasema, "Kimechukuliwa." Neno hilo likatosha. Dresa aliongeza, kwa faida ya daktari, kwamba mpagazi wake asilale kwenye moshi, na hilo nalo likakubaliwa. Nikapewa nafasi karibu na mlango, ambapo palikuwa na baridi na pumzi.

Nilimeza kwa majuma yote yaliyobaki. Sikupona, pumu haiondoki, wewe umenisikia juzi tu. Lakini nilipanda lori kwenda kupuliza na mshale ukafika ambapo haukuwahi kufika, na daktari alinisomea alichokiandika kunihusu: kwamba mgonjwa huyu hakukataliwa na dawa, bali aliigawa kwa desturi, na kwamba mtafiti anayehesabu makopo matupu bila kujua desturi za wenye makopo atahesabu uongo. Nilimwomba arudie, akarudia.

Msimu mkubwa ulipoanza, tulisimama chini ya mti wa kwanza. Baba mdogo aliweka sikio lake kwenye mgongo wangu mbele ya kambi nzima, akalishikilia hapo kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kuchokozana. Kienge aliamuru kipandishwe na mwingine, upande wa chini ya upepo. Kisha akaishika kamba yangu yeye mwenyewe, akaizungusha kiganjani, akasema neno moja: "Panda." Nikapanda. Nilipofika juu nilipiga kelele bila sababu yoyote, kwa kuwa tu pumzi ilikuwepo, na nyuki wakanichoma mdomo. Nilirina miti tisa siku ile.

Jambo moja zaidi, la kuchekesha, kisha nikuagize. Katikati ya msimu kikapungua kidonge kimoja. Kila mtu alimtazama balozi, naye akaapa kwa wazazi wake. Siku ya tatu baba mdogo alikiri kwamba ni yeye: alikuwa akibanwa kifua kwa siri tangu zamani na alitaka kujua. Alilipa mzinga, akauchagua mwenyewe, mzuri, na safari iliyofuata akaja nami kwa daktari akaandikishwa. Alipuliza kama anayewasha moto, nami nikapata furaha ya kumrekebisha.

Sasa sikiliza yale ya kutunza. Mzinga ule wa mtani uko bado, katika mti wa tatu baada ya kijito, na gome lake nimelibadilisha mara nyingi. Dresa alikwisha kufariki, na mazikoni nilifanya yanayompasa mtani, lakini watoto wake wako mjini. Asali ya mzinga huo ipelekwe kwao kila msimu, na wakikutukana usinune, wajibu. Dawa yangu iliyo kwenye dirisha ni ya kifua changu peke yake, na siku utakapokuwa na yako, umeze wewe, hata kama anayekuomba unampenda. Kibuyu cha maji gawana. Daktari akikuuliza, mwambie hata la aibu, na kama huwezi, mtafute mtani wako akusaidie kulisema.

Na katika karatasi hizi usisafishe kitu. Watakuja shangazi zako wakwambie uondoe mahali niliposema uongo, kwa kuwa haipendezi kwa mzee. Usiondoe. Hebu nisomee mahali hapo sasa, polepole, nisikie kama umeandika.